Breki ya Pili

Walimwita Mama Breki, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye leseni, mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kulisoma. Alikuwa mrefu, mrefu wa kuinama mlangoni, na kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari. Si watu wote. Vijana wanaodhani walizaliwa na usukani mkononi walikwenda kwa walimu wengine, kule kwenye kelele. Kwake walikuja waoga: mjane aliyeachiwa gari na hajui hata kuliwasha, mhasibu aliyefeli mtihani mpaka akaona haya kuurudia, wake za watu ambao waume zao waliwafundisha siku moja tu na ndoa ikayumba. Kama uliwahi kufundishwa gari na mwenzi wako, unajua ninachosema.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, kuukuu, aliloachiwa na marehemu mumewe pamoja na kazi. Juu ya paa lilibeba bango la shule ya udereva. Ndani, upande wa abiria, chini miguuni, palikuwa na kitu ambacho magari ya watu wengine hayana: pedali ya pili ya breki. Aliitengeneza shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea. Alipitisha fimbo ya chuma chini ya dashibodi, akaiunganisha na breki ya dereva, akaifunga sakafuni kwa bolti nene. Mwanafunzi akipitiwa, mwalimu anakanyaga na gari linasimama.

Walimu wengine wakikanyaga, wanakanyaga na matusi juu. Mama Breki alikanyaga kimya kimya. Gari linapunguza mwendo taratibu, linasimama, mwanafunzi anashusha pumzi, na yeye anamgeukia na kumwambia, "Vizuri! Umeshika breki vizuri." Kumbe maskini hajashika kitu, mguu wake ulikuwa umeganda hewani. Huo ndio uliokuwa ufundi wa Mama Breki, na siri yake. Mwoga, alimwambia shemeji yake, hafundishwi breki kwanza, anafundishwa kwanza kwamba anaweza. Kisha somo baada ya somo aliupunguza mguu wake, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa bila kumtangazia, mpaka mwanafunzi akawa anashika breki mwenyewe kweli na asijue ilianza lini. Mimi nauita uongo. Lakini ni uongo uliowafikisha wengi barabarani salama, kwa hiyo nanyamaza.

Mwaka ule mwoga wake mkubwa alikuwa mkunga wa zahanati. Mwanamke mfupi, mchapakazi, aliyepokea watoto wa nusu ya mtaa ule kwa mikono isiyotikisika, lakini mikono hiyo hiyo ikigusa usukani inaloa jasho. Zahanati ilikuwa imepata gari la kuwafuata wajawazito wa mbali, na mganga mkuu alikuwa ametamka: atakayepata leseni wa kwanza ndiye atakayekabidhiwa funguo. Mkunga alizitaka funguo zile kwa moyo wake wote. Alikuwa amempoteza mama mmoja njiani, kwenye baiskeli ya kukodi, na hakutaka kupoteza mwingine.

Siku moja mtoto wa baiskeli alichomoka uchochoroni, akakatiza mbele yao bila kuangalia kushoto wala kulia. Gari lilisimama likiwa limembakishia nafasi ya kiganja. Mkunga aliangua kilio cha furaha. "Mwalimu, umeona? Mguu umekwenda wenyewe! Leo nimeokoa mtoto kwa mguu!" Mama Breki akamwambia, kama kawaida yake, "Vizuri sana, mwanangu." Kesho yake zahanati nzima ilikuwa na habari, na wauguzi wakampigia makofi kwenye kikao cha asubuhi.

Sasa tuje kwenye bima, maana ndiko balaa lilikotokea.

Bima ya gari ilikuwa inakwisha mwisho wa wiki, na ofisi aliyokatia bima miaka yote ilikuwa imepandisha bei. Aliuliza kwa nini, wakati hajawahi kugonga hata ndoo, hajawahi kudai hata taa. Karani akaitazama kompyuta, akasema, "Ni mfumo, mama." Siku hizi mfumo ndio unaofanya maovu yote, na hakuna anayejua nyumba yake ili aende kumlalamikia. Mama Breki alitoka pale akipiga hesabu. Kazi ilikuwa imepungua, na nyumbani alikuwa na mama mkwe ambaye presha yake ilitaka dawa kila siku iendayo kwa Mungu. Bila bima, trafiki hamruhusu kutoka hata kwenye uwanja wa mazoezi. Gari likisimama, jiko nalo linasimama, na dawa pia.

Shemeji alimpa ushauri mzuri. Nasema ni mzuri kwa sababu ulikuwa mzuri kweli, kosa halikutoka kwake. "Shemeji, bima ni kama nyanya, hununui kwenye meza ya kwanza," alimwambia huku akipandisha miwani yake ya kuchomelea. "Zunguka. Uliza bei ya kitu kile kile kila ofisi. Waambie hujawahi kudai, wakupunguzie. Na waeleze gari lako lilivyo, kila kitu."

Alizunguka, lakini alizunguka na hofu, na hofu si mshauri wa biashara. Kila alikoingia waliuliza gari ni la nini, akasema la kufundishia, na kalamu ya karani ikapanda juu. Ofisi ya pili bei ilikuwa juu ya ile ya kwanza. Ya tatu walimwambia hawachukui gari za wanafunzi kabisa. Alipofika ya nne alikuwa ameshajifunza somo baya, kwamba kila jibu linaongeza bei. Pale palikuwa na karani msichana, mpole, aliyemkaribisha kwenye kiti na kumuuliza bila haraka, "Mama, hili gari lina kifaa chochote cha ziada tunachopaswa kukijua?"

Mama Breki akafikiri, haya, ndio mtego wenyewe huu. "Halina," akasema.

Msichana akaandika, akamtajia bei, na bei ikawa ile ile isiyoshikika. Mama Breki akashukuru, akatoka, akasimama barazani amejishika kiuno. Kwa mara ya kwanza tangu azike mume, alitaka kulia hadharani.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nje ya duka la vipuri palikuwa na wakala aliyeweka kimeza chake na mwavuli, mtaa mzima wakimwita Nafuu, kwa sababu kila neno lake la tatu lilikuwa nafuu. Alimsikiliza Mama Breki mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mama, nikuulize. Hilo gari linalala wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Sasa gari linalolala nyumbani si gari la nyumbani?" Akacheka mwenyewe. "Nakukatia bima kubwa ya gari la nyumbani, ukigonga unalipwa, ukigongwa unalipwa, likiibwa unalipwa. Bei nafuu, mama, utadhani nimekosea. Ila kampuni yangu wanataka picha, nje na ndani. Hilo bango lishuke, na hicho kidude cha miguuni kisionekane."

Alielewa alichoambiwa. Sitamtetea hapo, na yeye mwenyewe hakujitetea. Alijua gari la kufundishia ni la kufundishia hata likilala kanisani. Lakini alifikiria mama mkwe na vidonge vilivyobaki kwenye karatasi, akapiga moyo konde, akaliendesha gari moja kwa moja mpaka kwa shemeji.

Shemeji hakupenda. Alizunguka gari, akapiga magoti, akajaribu spana, bolti zikagoma kwa kutu. Ilibidi azikate kwa msumeno wa umeme, cheche zikiruka mpaka kwenye kiti. Pedali ikatoka na fimbo yake, wakaitupa kwenye buti pamoja na bango.

"Nikufungie saa ngapi?" aliuliza. "Bolti nene nitazipata mwanzo wa wiki, hizi za hapa ni nyembamba. Leo nina geti la watu."

"Picha kwanza ipite. Wiki ijayo utanifungia."

"Na masomo?"

"Nitasimamisha mpaka hapo."

Alisema hivyo na alikuwa anamaanisha. Nafuu akapiga picha, bima ikatoka, ikabandikwa kiooni, na siku ile Mama Breki alinunua dawa ya mama mkwe na nyama robo, akala mpaka akaona aibu kwa furaha yake. Ndio unafuu wenyewe huo, alijisemea. Wajinga ndio waliwao, naye safari hii hakuliwa.

Asubuhi iliyofuata mkunga alikuwa mlangoni na viatu vyake bapa vya kuendeshea. Mtihani wake ulikuwa umekaribia na hiyo ndiyo siku pekee aliyopata ruhusa. "Mwalimu, nusu saa tu. Nikikosa leo naingia kwenye mtihani kavu."

Mama Breki alitaka kukataa. Lakini alimtazama yule mwanamke, akakumbuka masomo yote yale, na alichokikumbuka ni sauti yake mwenyewe ikisema vizuri, vizuri, umeshika breki vizuri. Alikuwa amelisema mara nyingi mno. Alimwona mkunga kama alivyokuwa akimsifu, dereva aliyekwisha kuiva, na akasahau kwamba dereva yule alikuwa amempika mwenyewe kwa mguu wake. Uongo mzuri una tabia hiyo, siku moja humrudia mwenyewe na kumsalimia kama ukweli.

"Haya, ingia," akasema. "Tutakwenda polepole."

Walikwenda polepole, na mwanzoni kila kitu kilikuwa sawa. Mkunga alibadilisha gia bila kukwaruza, akapita mzunguko, akachukua barabara ya mteremko inayoshuka kwenye daraja dogo. Katikati ya mteremko mtu wa mkokoteni akaingia barabarani na mzigo wa mabati. Gari halikupungua. Mkunga aliushika usukani kwa mikono miwili, mguu wake ukaganda, ukingoja lile jambo ambalo siku zote hutokea lenyewe. Mama Breki akakanyaga. Akakanyaga kwa nguvu zake zote, na chini ya soli palikuwa na sakafu tupu. Akakanyaga tena, mahali pale pale, wakati akili yake ilikuwa inajua kabisa pedali iko kwenye buti. Mkono ulipokumbuka breki ya mkono walikuwa wamechelewa. Mkunga alikata usukani kumkwepa mwenye mkokoteni, na gari likajipigiza kwenye ukuta wa daraja.

Hakuna aliyekufa. Mwenye mkokoteni aliacha mabati yake chini akaja kuwatoa, akiwaombea kwa sauti. Lakini boneti ilikuwa imekunjika mpaka kiooni, maji ya rejeta yanamwagika, injini imerudi nyuma. Mama Breki alitazama na akajua. Lilikuwa limekwisha lile gari, na pamoja nalo kila kitu.

"Nisamehe, mwalimu," mkunga alikuwa akilia. "Mguu haukwenda. Sijui kwa nini, leo haukwenda."

Mama Breki alimshika mabega. Alikuwa na hofu tu kichwani, hofu na bima. "Nisikilize. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Umesikia? Wewe ulikuwa abiria. Polisi wakija, niachie mimi."

Mkunga alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyejitupa motoni kwa ajili ya mwingine. Akaitikia kwa kichwa. Alidhani anakingwa yeye.

Polisi waliandika walichoambiwa. Nafuu alipopigiwa simu alisema, "Umefanya la maana, mama, shikilia hapo hapo," na hiyo ikawa mara ya mwisho kupokea simu yake. Gari likavutwa mpaka gereji ya shemeji, na baada ya siku kadhaa za kungoja, akaja mkaguzi wa kampuni ya bima.

Alikuwa mzee wa makamo, mwenye shati la mikono mirefu na sauti ya chini. Alipiga picha, akatazama tairi, akachungulia ndani upande wa abiria, akakaa pale muda mrefu kuliko alivyokaa kwingine. Shemeji alijifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la zana.

"Mama," mkaguzi akasema, "ulikuwa unaendesha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Pole sana. Hebu kaa kwenye kiti cha dereva, unionyeshe ulivyokuwa."

Mama Breki aliinama aingie. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, kama alivyokisogeza mkunga, na ajali ilikuwa imekunja reli yake. Aliingiza mguu mmoja, goti likagonga usukani. Akajaribu kujikunja, akajaribu kuingia kiubavu. Akashika lile komeo la chini akivuta kiti kirudi nyuma, akavuta, akavuta, na kiti hakikusogea hata unywele. Alibaki amechutama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mwanamke mzima wa kimo kile, na hakuna aliyecheka. Ningependa angalau mtu mmoja angecheka.

"Basi, mama," mkaguzi akasema taratibu. "Toka. Utaumia."

Alimpa stuli ya shemeji akae. Alimwambia kwamba kampuni haitalipa, na kwamba akiwa na akili asiendelee kudai, jambo liishie hapo. Kisha akaonyesha matundu ya bolti sakafuni, ambako chuma kilichokatwa kilikuwa bado kinang'aa. "Hapa palikuwa na breki ya mwalimu?"

Mama Breki akatikisa kichwa kukubali. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani.

"Kwa nini uliificha? Gari la kufundishia lenye breki ya pili linapunguziwa bei. Kwetu, na kwa wengine wengi. Na miaka yote hujadai, hapo pia ungepunguziwa. Hakuna aliyekuuliza kama lina kifaa cha ziada?"

Mama Breki aliyatazama yale matundu. Alikuwa anamwona yule karani msichana, kiti alichomvutia, swali alilomuuliza bila haraka. Lile swali halikuwa mtego. Ulikuwa ni mlango, na yeye aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, kwa neno moja. Akajishika kichwa, akalia pale kwenye stuli mbele ya wanaume wawili, bila kujali nani anaona.

Kilichobaki ni kidogo. Shemeji aliuza gari kama chuma chakavu, akamletea alichopata pamoja na ile pedali, maana hakuwa na moyo wa kuiuza. Mama Breki akaiweka chini ya benchi sebuleni. Alikuwa amekaa hapo mchana mmoja, akijiuliza dawa za mwezi zitatoka wapi, mkunga alipobisha hodi.

Alikuja na mfuko wa machungwa na macho yaliyovimba. Hakukaa.

"Nimekuja kukushukuru, mwalimu. Umebeba kosa langu, ukapoteza gari, na hujanisema kwa mtu. Nimemwambia mganga mkuu funguo ampe mwingine. Mguu ulionisaliti siku ile utanisaliti tena, na siku hiyo nyuma kutakuwa na mama mwenye uchungu."

Chumba cha ndani mama mkwe alikohoa. Mama Breki angeweza kupokea machungwa na kusema asante, na mambo yangeishia pale, yeye akiwa na heshima yake angalau kwa mtu mmoja duniani. Nadhani alilifikiria hilo. Kisha akainama chini ya benchi, akaitoa pedali na fimbo yake, akaiweka juu ya meza.

"Mguu wako haukukusaliti," akasema. "Ulikuwa haujajifunza bado. Hii ilikuwa upande wangu. Ndiyo iliyokuwa inasimamisha gari. Niliitoa kwa ajili ya bima, nikakuingiza barabarani bila hiyo, na nilijua. Sikukukinga kwa polisi, mwanangu. Nilikuwa naikinga bima yangu."

Mkunga aliishika pedali. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja, ukachukua umbo la kiatu kikubwa ambacho hakikuwa chake.

"Kila siku?"

"Kila ilipokuwa ngumu. Ningekuachisha polepole. Ndivyo ninavyofundisha."

Mkunga aliigeuza pedali mkononi. Alipouliza tena sauti ilikuwa ndogo. "Na yule mtoto wa baiskeli?"

Mama Breki alimtazama tu.

"Niliwaambia zahanati nzima," mkunga akasema. "Wakanipigia makofi."

Akairudisha pedali mezani kwa uangalifu, kama vile ingeweza kuumia. Mama Breki alifungua mdomo amwambie kwamba ataweza, kwamba alikuwa amebakisha kidogo, kwamba mikono yake sasa ilikuwa vizuri. Mkunga alikuwa amekwisha kuliona neno hilo likija, akanyanyua kiganja kulizuia.

"Usinisifu," akasema. "Tafadhali, mwalimu. Usinisifu tena."